Jina la mtoto liandikwe ufukweni

Mwezi Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipokuwa wakimiminika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, meli ya Liemba iliwasomba kwa maelfu hadi Kigoma mjini, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupanda mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia, hivyo haraka ya kuwaondoa watu Kagunga ilikuwa ya haki. Mimi ni Muha, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, nilikwenda uwanjani kusaidia ukalimani.

Huko nilimkuta msichana wa miaka kama sita, amembeba mdogo wake mgongoni. Nilipomwuliza jina la baba yake alijibu "Data", yaani Baba, kwa sababu hakuwahi kumwita vinginevyo. Fomu ya kumwandikisha ingeishia hapo. Ilibidi nimwulize mama yake alikwenda soko gani, kanisa lao liko upande upi wa mto, na nani aliyewapandisha mtumbwini. Ndipo likapatikana jina la soko, na kutoka sokoni, jina la kilima chao, ambacho kwa Warundi ni kama kijiji. Mambo hayo mtoto huyakumbuka vizuri siku ya kwanza, na baada ya miezi michache kambini huanza kuyachanganya.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 22, unazitaka nchi zisaidie kuwatafuta wazazi wa mtoto mkimbizi, na Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto. Nakubaliana na yote hayo, lakini utekelezaji wake huanza kwa kalamu ya mtu aliyechuchumaa mbele ya mtoto. Mtoto aliyekuja na jirani asiandikwe kama mwana wa jirani huyo, wala asitenganishwe naye ovyo; aandikwe alivyo, ili familia zikihamishwa tena, kama zilivyohamishwa baadaye kutoka Nyarugusu kwenda kambi ya Nduta, aweze kufuatiliwa.

Wale wawili tuliwaandika katika karatasi moja, tukaomba wapande basi moja. Nilipomsomea yule msichana tulichoandika, alinisahihisha: jina la mdogo wake nilikuwa nimeliandika Kiha.