Daftari la mwani linakaa penye mizani

Mei 2024, nyaya mbili za intaneti zilipokatika chini ya bahari, sisi tulikuwa ufukweni tunapima mwani. Mizani imetundikwa, magunia yamepangwa, wanawake wamekaa chini ya mti wa mkungu wanangoja zamu, na mimi nimeshika kompyuta isiyoweza kufungua hata orodha ya wanachama. Bibi mmoja akanisogelea.

"Mwanangu, kilo zangu za bamvu lililopita zimo humo?"

"Zipo, bibi, ila kwa sasa hazifunguki. Ziko mbali."

"Mbali wapi?"

Nikamwambia Ujerumani, maana ndiko iliko seva, yaani kompyuta ya kutunzia kumbukumbu, tuliyokuwa tukiilipia. Hakusema kitu, akarudi kukaa juu ya gunia lake. Siku ile tuliandika kwa kalamu kwenye daftari la shule.

Ushirika wetu uko wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, na una wanachama 64. Mwani huvunwa wakati wa bamvu, maji yanapotoka mbali, kisha huanikwa jua la siku mbili tatu ndipo ukapimwa. Anayeuza mara nyingi hana ushahidi mwingine wa jasho lake ila kile tulichoandika sisi. Ndiyo maana mwanzoni nilichagua wingu, yaani kutunza kumbukumbu kwenye seva ya watu wengine kupitia intaneti: PostgreSQL, programu ya kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu zilizopangwa), ya kupangisha, wenyewe wanachukua nakala rudufu, na kompyuta ikiibwa au ikiingia maji ya chumvi kumbukumbu zinasalimika. Sababu hizo nazikubali mpaka leo. Nilichokosea ni kutoitazama kazi yenyewe. Anayeandika ni karani mmoja, palepale penye mizani. Kwa mwezi hatufiki mistari 500. Kwa hayo nilikuwa nakatwa dola 15 kila mwezi kwenye kadi yangu, bila kuhesabu bando.

Nikahamia SQLite. Nayo ni ya kanzidata, tena ni programu huria, msimbo wake ni mali ya umma, na kanzidata nzima ni faili moja ndani ya kompyuta yako. Aliyeianzisha mwaka 2000 ni D. Richard Hipp, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza programu ya manowari ya jeshi la nchi yake. Programu ile ilitegemea seva ya kanzidata, seva ikilala nayo inakwama, lawama zinamwangukia yeye. Akaona kwa kazi kama ile seva ya nini, programu isome na kuandika faili yenyewe. Nilipokijua kisa hicho nilimkumbuka bibi wa chini ya mkungu.

Kuhama kulichukua jioni mbili. Kuzoea ndiko kulikonifundisha.

Kwanza, SQLite kwa kawaida haikagui kama namba ya mwanachama unayoiandika ipo kweli, hata kama umeifunga kwenye jedwali lingine. Lazima uiamrishe, PRAGMA foreign_keys = ON, kila programu inapoifungua kanzidata. Sikujua. Mwisho wa mwezi nikakuta kilo 43 zimeandikiwa namba isiyo ya mtu. Tuliita wanachama mmoja mmoja mpaka mwenyewe akapatikana, na nashukuru alikuwa na kikaratasi chake.

La pili lilinitisha zaidi. Nilikuwa nimewasha hali ya WAL, ambamo maandishi mapya hukaa kwanza kwenye faili la pembeni kabla ya kuingizwa kwenye faili kuu. Basi mimi nikanakili faili kuu peke yake kwenye fleshi huku programu ikiwa wazi. Nilipoifungua nakala nyumbani, upimaji wa mchana mzima haumo. Asili ilikuwa salama, lakini kama ningeitegemea nakala ile, watu wangedhulumiwa. Sasa natumia amri ya VACUUM INTO, inayotoa nakala kamili hata kazi ikiwa inaendelea, kisha naifungua ile nakala na kujumlisha kilo. Nakala usiyoifungua usiiite nakala.

Kukatika kwa umeme, nilikokuogopa sana, hakukunisumbua. Betri iliwahi kuzimika katikati ya kuandika gunia. Nilipowasha, magunia yote yaliyotangulia yalikuwemo, lile moja halikuwemo, tukalipima upya.

Tulipofungua kituo cha pili nilibadilisha namba za risiti. Vituo vyote viwili vilikuwa vikianza na 1, 2, 3, na vingekutana ofisini Wete vikagongana. Sasa kila risiti hutanguliwa na herufi ya kituo na tarehe. Jumamosi mafaili mawili huunganishwa, na anayeleta risiti mara mbili programu inamkataa.

Wingu sijaliacha. Jumamosi hiyohiyo, nakala huenda huko ikiwa imefungwa kwa nywila, kwa sababu ndani mna majina na namba za simu za wanawake walioniamini. Faili halijafika megabaiti 3, bando la kawaida linalibeba.

SQLite humruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Siku tutakapokuwa na makarani wanne wanaoandika pamoja kutoka vituo tofauti, na mtandao wa kutegemewa, nitairudia PostgreSQL, huenda kwenye kompyuta yetu wenyewe ya ofisini. Hata hapo kila kituo kitabaki na faili lake.