"Ni ugonjwa wako tu" sio jibu

Kwa anayefika hapa leo mara ya kwanza: nina saratani ya titi iliyohamia kwenye mifupa, mgongo na nyonga zaidi, hatua ya nne. Haiponi, inatulizwa, na naishi nayo, siku nikiwa na nguvu naingia darasani kufundisha, nikichoka narudi nyumbani, mtaa wa Pasua hapa Moshi, nalala. Sasa leo sitaki kuongelea kansa yenyewe, nataka kuongelea hizi dalili mpya zinazokuja bila kupiga hodi, ambazo ukimuuliza mtu anakuangalia kwa huruma alafu anakwambia "ni ule ugonjwa wako tu mama". Nimeambiwa hivyo na ndugu, nimeambiwa duka la dawa, nimeambiwa mpaka na watu waliosomea, na kila nikiambiwa damu inachemka kwa sababu mwaka jana hayo maneno nusura yanizike.

Ilianza baada ya Krismasi. Mnajua Moshi inavyokuwa disemba, watu wamepanda kutoka Dar na kila kona ya nchi, nyumba imejaa mpaka sebuleni, unapika asubuhi mpaka usiku. Wageni wakaondoka, januari ikaingia na lile joto lake, mimi nikawa nachoka. Uchovu wa kemo naujua, unakuja siku zake na unaondoka siku zake, huu haukuondoka. Alafu kiu. Sio kiu ya kawaida jamani, nilikuwa naweka jagi la maji pembeni ya kitanda, naamka usiku nakunywa nalimaliza na ulimi bado mkavu kama gunzi, nusu saa nakimbilia chooni, narudi nakunywa tena. Choo kubwa nacho kikagoma kabisa. Chakula nikikiona kichefuchefu. Na nalala, yaani nalala mchana kama mtoto mchanga wakati mimi hata zamani nikiwa mzima sikuwa mtu wa kulala mchana.

Sasa angalieni kilichotokea, na hapa ndipo penye kiini cha ninachotaka kusema. Kila dalili ilipata maelezo yake, na kila maelezo peke yake yalikuwa yanaingia akilini kabisa. Kiu? Joto la januari. Kukojoa? UTI, zahanati ya jirani wakanipa dozi ya vidonge bila hata mkojo kupimwa vizuri. Choo kigumu? Natumia morfini ya maji kwa ajili ya maumivu ya mgongo na kila mtu anajua morfini inafunga choo, basi ongeza mapapai na maji. Kichefuchefu? Vidonda vya tumbo, akasema kijana wa duka la dawa, akanipa za kutuliza asidi. Usingizi? Mawazo na uchovu wa wageni. Walinipima malaria, haipo. Wakanipima sukari, iko sawa, na hapo ndo daktari wa zahanati akafunga faili akasema mama hii ni hali yako yenyewe, kapumzike. Hakuwa na ubaya, alisema kwa upole kabisa. Lakini nilitoka pale nimebeba magonjwa madogo matano na mifuko minne ya dawa na hakuna mtu hata mmoja aliyekaa akayatazama yote kwa pamoja.

Wifi yangu kwa upendo wake akaniletea vidonge vya kalsiamu, si mifupa ndiyo inayoumwa, tuiimarishe. Mama mkwe akataka tupande Kibosho kwa mama mmoja anayeombea watu. Nilienda, niliombewa, na nashukuru kwa maombi yale, nayaamini mpaka leo, ila kiu ilibaki palepale.

Kilichonitisha ni jikoni. Nilikuwa nataka kupika mtori, nimemenya ndizi, nyama iko jikoni inachemka, nikashika kopo la chumvi nikasimama. Sijui la nini. Nilijua ni chumvi, nilijua hii ni sufuria, lakini kitu cha kufanya kati ya hivi viwili kilikuwa hakipo kichwani. Binti yangu aliniita mara mbili tatu ndo nikageuka, na nilipogeuka nikamuita kwa jina la dada yangu ambaye alishafariki. Yule mtoto hakulia mbele yangu, alizima jiko, akanishika mkono akanikalisha kwenye kiti, alafu akaenda uani kumpigia baba yake simu. Nilimsikia anasema "baba, mama hayuko sawa, na sio ile ya siku zote".

Sio ile ya siku zote. Mtoto wa form two aliona kitu ambacho watu wazima tulikuwa tumekigawa vipande vipande.

Kesho yake mume wangu hakutaka habari ya zahanati tena, tukachukua bajaji moja kwa moja hospitali ya KCMC, kliniki ya saratani, japo haikuwa siku yangu. Na jioni ile kabla ya kwenda alifanya jambo moja ambalo nawaomba mlichukue hata kama hamtachukua kingine: alichukua daftari la shule la binti yetu akaandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Kiu, imeanza lini. Mkojo, mara ngapi usiku. Choo, mwisho lini. Kichefuchefu, usingizi, kuchanganya majina. Na chini dawa zote, mpaka vile vidonge vya wifi. Sista aliyetupokea alisoma ule ukurasa amesimama, akausoma tena, akaniangalia akaniuliza, "Mwalimu, mifupa ipo kwenye ugonjwa wako eeh?" Nikasema ndio. Akasema kaeni hapo hapo msiondoke, akaingia kwa daktari na daftari mkononi.

Damu ikachukuliwa, wakaomba kipimo cha kalsiamu, pamoja na figo, pamoja na protini moja inaitwa albumini kwa sababu kalsiamu nyingine inasafiri kwenye damu ikiwa imeshikana nayo, kwa hiyo ukisoma moja bila nyingine unaweza kudanganyika. Kalsiamu ya kawaida iko kama 2.2 mpaka 2.6 (milimoli kwa lita). Yangu ilikuwa 3.4.

Daktari alinielezea vizuri sana baadaye nilipokuwa na akili ya kuelewa. Saratani ikikaa kwenye mfupa inaweza kuufanya mfupa umomonyoke haraka, kalsiamu iliyokuwa imehifadhiwa humo inamwagika kwenye damu. Na kuna wengine inapanda hata kama mifupa haijaguswa, kwa sababu uvimbe wenyewe unatoa kemikali inayoamrisha mifupa iachie. Inatokea zaidi kwa saratani ya titi, ya mapafu, na ile ya uboho inayoitwa mayeloma. Kalsiamu ikizidi, figo zinashindwa kushikilia maji, ndo maana unakojoa na una kiu, utumbo unalegea ndo choo kinagoma, na ubongo unazimika taratibu, usingizi, kuchanganyikiwa, mpaka mtu anazimia. Moyo pia unaweza kuharibika mapigo. Yaani ile orodha yote ya kwenye daftari ilikuwa kitu kimoja. Kimoja! Na kina dawa!

Dawa yenyewe wala sio ya maajabu. Kwanza dripu za maji ya chumvi, nyingi, kwa sababu nilikuwa nimekauka mno japo nakunywa usiku kucha. Alafu dripu ndogo ya zoledroniki asidi, inaingia kama robo saa hivi, inazuia mfupa kumomonyoka, na haifanyi kazi siku hiyohiyo, inachukua siku mbili tatu mpaka nne. Usiku wa kwanza ilinipa homa na mwili kuuma, wakaniambia mapema kwamba inaweza kuja na nisiogope. Vidonge vya wifi nikaambiwa niviweke pembeni kwanza. Kufika mwisho wa wiki nilikuwa naulizia watoto wangu wamefanya mtihani gani wa hesabu, na mume wangu alitoka nje ya wodi akasimama kule koridoni muda mrefu.

Sasa fikirieni nilikuwa nalala vile nyumbani, watu wanasema amechoka, ugonjwa umefika mwisho, mwacheni apumzike. Ningepumzika kweli. Na msibani wangesema kansa imemmaliza, na isingekuwa kweli.

Ndo maana sikubali tena. Simaanishi kila kitu kina tiba, najua niko wapi na najua iko siku jibu litakuwa ni ugonjwa wenyewe na hakuna la kuongeza, na siku hiyo nitataka niambiwe wazi. Lakini hilo liwe jibu lililotafutwa. Mtu wa hatua ya nne bado anaweza kupata malaria, bado anaweza kupungukiwa damu, bado dawa zake zinaweza kugongana, zile za kuzuia kutapika na kupunguza uvimbe zinaweza kumpandisha sukari, bado damu inaweza kuganda kwenye mguu. Siku hizi nikiingia kwa daktari nauliza maswali yangu yaleyale bila aibu: hii inaweza kuwa nini zaidi ya ugonjwa wangu? Ni kipimo gani kitatuonyesha? Na kama ni ugonjwa wenyewe, kuna cha kunipunguzia? Hakuna daktari aliyenikasirikia, wengine wanakaa vizuri kabisa kwenye kiti wanaanza upya.

Yule sista aliniachia pia mambo ya kukimbilia siku hiyohiyo, usiku usiku, hata kama ni kuamsha mtu mwenye gari. Miguu kuishiwa nguvu ghafla au ganzi sehemu unazokalia, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hasa kama mgongo una ugonjwa, kwa sababu uti wa mgongo unakandamizwa na ukichelewa miguu hairudi. Homa ya 38 kwenda juu ukiwa kwenye kemo, usimeze panadol ukalala. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kukata ghafla. Na kuchanganyikiwa. Binti yangu ameyaandika kwenye karatasi, ameyabandika mlangoni mwa friji, na anayajua kuliko mimi.

Kwa sasa nina jingine. Upande wa kushoto wa kidevu changu na mdomo wa chini una ganzi. Hakuna maumivu, hakuna uvimbe, ni ile hali ya kutoka kung'oa jino sindano haijaisha, ila sijang'oa jino. Nikinywa uji unachuruzika upande huo sijui mpaka mtu anionyeshe, juzi nilijing'ata mdomo ukatoka damu sikusikia. Kidogo tu, ukubwa wa sarafu, na majirani wanasema ni baridi, umelala na dirisha wazi. Nimeenda nalo kliniki na daftari langu. Nimeambiwa kidevu kikifa ganzi kwa mtu mwenye saratani ya titi hakidharauliwi hata kidogo, kwa sababu kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini na kutokea pale pale, na unaweza kubanwa kwenye taya lenyewe au juu zaidi, kwenye mfupa wa chini ya fuvu. Inaweza pia kuwa jino lililooza, au taya lililoathirika na ile dripu ya mifupa, maana zoledroniki kwa baadhi ya watu inafanya mfupa wa taya usipone, hasa wakishang'oa jino. Kwa hiyo mnaotumia hiyo dripu, mwambieni daktari wa meno kabla hajashika koleo. Mimi wangu nilimwambia nikiwa bado mlangoni, akachunguza tu kwa kioo, hakung'oa kitu.

Picha ya taya imetoka, meno hayana shida, mfupa wa pale unaonekana mzima. Kalsiamu wamerudia, iko sawa. Kilichobaki ni CT scan ya kichwa, alhamisi. Naogopa, sitawadanganya, mama mkwe ameniuliza mwanangu kwa nini unatafuta kitu ambacho hutaki kukipata, nikamwambia mama, kama kipo kiko tayari, kupiga picha hakukileti, na kama kipo pale daktari ameshasema mionzi inaweza kukifikia na ganzi isisambae. Akakaa kimya, alafu akaniuliza alhamisi saa ngapi, na yeye anakuja.