Nikisubiri Rangi Ikauke

Leo upepo umeanza kabla ya saa nne. Anayeijua Dodoma ya Agosti anajua maana yake: vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, sembuse kwenye bango ambalo rangi yake bado mbichi. Nimeligeuzia uso ukutani, nimeketi na daftari.

Ndivyo nilivyoanza kuandika, wala haukuwa wito. Rangi ya mafuta, jamii ileile aliyochorea Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam mwaka 1968, inang'aa vizuri lakini haina haraka. Mkono wa kwanza ukishapita, unakaa. Daftari lenyewe lilikuwa la hesabu: nani katoa kianzio, nani ananizungusha. Siku moja, chini ya jina la mdaiwa, nikaandika jinsi alivyocheka nilipomkumbusha. Tangu hapo maneno yakayapita madeni (ingawa madeni nayo hayajambo).

Watu hudhani anayeandika hakosei herufi. Juzi nimemaliza bango la mteja wa Majengo, herufi nyekundu, kivuli cheusi, safi kabisa: DUKA LA DAWA MHIMU. Mama mwenye duka akalitazama kimya, kisha akaniuliza kwa upole, "Fundi, hiyo U nayo ilitaka kianzio chake?" Nikafuta kwa tina, nikaanza upya kwa gharama yangu.

Mwaka jana nilikwenda Kolo, kaskazini mwa Kondoa mjini, kutazama michoro ya miambani, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilibeba penseli nikidhani nitainakili, kama alivyofanya mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1951. Nilishindwa. Watu wekundu, wembamba kama mabua ya uwele, pofu, twiga, na mahali pengine rangi nyeupe ya waliokuja baadaye imepita juu yao. Mwamba umetokeza kama upenu, ndiyo maana mvua haijawamaliza. Kila mstari niliouchora ulitoka mnene mno, mkono wangu umeshazoea mabango. Nikaishia kuandika: ubaridi wa jiwe mgongoni, mlio wa nyuki, na mzee aliyetuongoza alivyovua kofia tulipokaribia, kwa kuwa pale watu bado hufanya matambiko.

Nikawaza, hawa wenzangu walipokuwa wakisubiri rangi ikauke walifanya nini? Pengine walipiga soga tu. Twiga wao ninaye, nimemwona kwa macho yangu. Ninachokitamani ni zile soga.

Fundi cherehani wa jirani ameuliza naandika nini muda wote huu. Nimemjibu, "Hesabu." Ameguna, anajua sina wateja wengi hivyo.

Nimeligusa bango pembeni kwa kidole cha mwisho. Bado linanata, na hata huko ukutani vumbi limelifuata: chembe tatu zimekaa juu ya D. Nafungua ukurasa mwingine.