Kamote: kiazi kilichosafiri na jina lake

Mimi nauza viazi vitamu kwa mafungu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mdogo wangu ni baharia na wenzake wengi melini ni Wafilipino. Ndiye aliyenitumia picha ya vipande vya viazi vilivyokaangwa na sukari mpaka ikawa kahawia inayong'aa, vimechomekwa vijitini kama mishikaki. Akaandika: “Dada, viazi vyako huku vinaitwa kamote.”

Tangu hapo, nikishafunga meza jioni, nalifuatilia hilo neno.

Kitagalog, lugha ya Wafilipino, kililitoa kwenye Kihispania, camote. Ila Wahispania nao walilikuta Mexico kwa wasemaji wa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, waliokiita kiazi hicho camohtli. Kuanzia 1565 hadi 1815 meli za Hispania zilikuwa zikienda na kurudi kati ya Acapulco, bandari ya Mexico, na Manila ya Ufilipino. Madini ya fedha ya Mexico yalikwenda, hariri ya China ikarudi. Katika safari hizo kiazi kikavuka Pasifiki na jina walilokipa wakulima wake. Jambo hili linanigusa sana. Milki ya Waazteki iliangushwa 1521, lakini mama wa Manila akienda sokoni leo bado anatamka neno lao. Hata matembele wanayala; wanayaita talbos ng kamote.

Upande wetu kiazi kilipita njia nyingine. Visiwa vya Karibi, wenyeji wa huko, Wataino, walikiita batata. Wareno wakalichukua neno hilo na kulisambaza Afrika na India. Ndiyo maana ukivuka mto Songwe kuingia Malawi, mbatata ni kiazi kitamu. Wateja wangu wa huko wakisema mbatata, nawapimia hivi vitamu bila kuuliza. Lakini nenda Zanzibar: mbatata ya kwenye urojo ni kiazi mviringo, kama hivi vinavyoshuka kwa malori kutoka Uporoto. Neno lilihamia kwenye zao jingine kabisa.

Na Manila vilevile! Kiazi mviringo wanakiita patatas, kutoka patata ya Kihispania, ambayo nayo ilitokana na batata ileile ya Wataino ikachanganyika na papa, jina la kiazi mviringo kwa Wakechua wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kwa hiyo mbatata ya Unguja na patatas ya Manila ni ndugu, na kamote hawahusiani naye kabisa.