Jumamosi ya ufupisho, Kirumba

Leo wamekuja wanafunzi kumi na mmoja wa Kiingereza. Wawili walichelewa, walikuwa soko la Mwaloni wakiwasaidia mama zao kufunga viroba vya dagaa. Sikuwauliza kitu, niliwapa karatasi tu.

Habari ya ufahamu niliitunga mwenyewe kwa Kiingereza: kwa nini wavuvi wa dagaa hupumzika siku za mbalamwezi. Swali la mwisho lilitaka ufupisho wa maneno arobaini. Karibu wote walinakili sentensi ya kwanza ya kila aya, wakahesabu hadi arobaini, wakaweka nukta.

Nikasema, funikeni karatasi. Nisimulieni kwa Kiswahili, kama unamweleza mtu aliyekukuta njiani. Binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye tangu Februari hajawahi kunyoosha mkono, akasema: "Madam, dagaa hufuata taa gizani. Mwezi ukiwaka, ziwa lote lina mwanga, taa haiwavuti. Kwa hiyo wavuvi wanangoja giza lirudi." Sentensi tatu, hakuacha kitu. Mtoto huyu anaamini hana akili ya Kiingereza! Amesoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikamgeuzia kila kitu, hadi baiolojia. Kilichomshinda si kuelewa.

Akaandika. Kulikuwa na "they did not went". Kosa hili nalikuta kila wiki, na miaka yote nililipiga mstari mwekundu nikapita. Leo nimeandika ubaoni "hawakuenda", nikaizungushia "ku". Wakati uliopita umekaa hapo, mara moja tu. "Did" ndiyo inayobeba mzigo huo kwa Kiingereza. Kitenzi kinachofuata kirudi kama kilivyozaliwa, "go". Nikaona vichwa vikiinama kufuta.

Mwaka jana nilikosea sana, na bado linaniuma. Niliwakaririsha barua kamili, neno kwa neno, nikiamini ninawaokoa. Mtihani wa majaribio ukataka barua ya mwaliko, kijana mmoja akaandika ya kuomba radhi, kwa hati nzuri, bila kosa hata moja la sarufi. Alipata sifuri. Nilimfundisha barua, sikumfundisha kusoma swali. Sasa kabla ya kalamu kugusa karatasi, kila mmoja ananiambia kwa mdomo: anamwandikia nani, na anataka nini kwake. Dakika kumi zinapotea hapo, nami naziachia kwa moyo mweupe.

Insha ya kufungia ilikuwa juu ya mtu wa nyumbani. Yule binti alichagua kaka yake aliyeko Ukerewe. Kwetu "anavua" haisemi ni mwanamume au mwanamke, ndiyo maana kaka zao wote huwa "she" kwenye madaftari. Nilikuwa nyuma yake nimeshika chaki. Aliandika "she", akasita, akatazama dirishani kuelekea ziwani. Kisha akafuta, akaandika "he", akaendelea.