Mihuri Isiyochukuliwa

Baba alifariki Machi 2009, siku chache kabla ya masika. Mama akaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, nguo nyeupe, bila hina, bila wanja, bila asumini. Mambo ya nje yakabaki kwangu na kwa kaka yangu, na zito kuliko yote lilikuwa kukihama kibanda cha kazi cha Baba, kando ya Barabara ya Digo.

Baba alikuwa fundi wa mihuri ya mpira. Wateja wake walikuwa maajenti wa kutoa mizigo bandarini, wenye maduka ya Mtaa wa Biashara, walimu wakuu, makatibu wa vyama vya kuzikana. Siku hizi muhuri huchorwa kwa kompyuta ukawa tayari hujamaliza chai. Yeye aliianza kazi zama za kupanga herufi moja moja. Alizichukua herufi za risasi kwa kibano, akazipanga ndani ya fremu ya chuma, akazikandamiza kwa moto kwenye kalibu mpaka zikaacha alama. Kisha juu ya kalibu ile akaweka kipande cha mpira mbichi na kukirudisha mtamboni, nyuzi 150 hivi, kwa muda wa dakika 10. Mpira ule ulikuwa na salfa ndani yake, na moto ndio uliokuwa ukiukomaza. Utotoni nilistaajabu sana kwamba herufi za risasi ziko kinyume, kalibu inasomeka sawa, mpira ukitoka uko kinyume tena, na karatasi ndiyo inayopata neno lililonyooka. Baba aliyasoma maneno ya kinyume upesi kama sisi tunavyosoma gazeti.

Mtambo tuliuuza. Herufi za risasi zilikwenda kwa kilo, na siku ile nilipoziona zikimiminwa kwenye mizani kama kokoto nilitoka nje nikasimama barabarani hadi shughuli ilipokwisha. Nyumbani tulirudi na vitu viwili tu, daftari kubwa lenye jalada jeusi na sanduku la mbao, yale yaliyokuwa yakitiwa majani ya chai. Ndani ya sanduku mlikuwa na mihuri 63.

Muhuri ukimalizika huenda na mwenyewe. Hii 63 ilikuwa imeagizwa, ikatolewa arbuni, yaani malipo ya kutanguliza, ikatengenezwa, na walioiagiza hawakurudi. Wengine walihama Mombasa, wengine biashara zilikufa kabla hazijaanza, wengine labda walisahau. Baba hakuutupa hata mmoja. Kila mwaka, karibu na Ramadhani, aliupangusa mmoja mmoja kwa kitambaa, akaurudisha sandukuni. Daftari lilikuwa na habari ya kila muhuri aliopata kuutengeneza: tarehe, jina, bei, arbuni, baki, na pembeni chapa ya kwanza. Aliyemaliza kulipa, mstari wake ulipigwa muhuri mwekundu wa IMELIPWA. Huo ulikuwa wa Baba mwenyewe, naye aliutaka kwa Kiswahili ingawa karibu wateja wake wote waliagiza kwa Kiingereza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza picha na kadi za tabaka tabaka: karatasi kuukuu, rangi, vipande vya leso, na chapa za mihuri ninayoichonga kwa wembe kwenye raba za watoto. Nilipoliona sanduku lile nilijua nataka kufanya nini. Nilitaka Mama awe na kitu ukutani cha kutazama katika miezi ile ambayo mlango wa mbele ulikuwa mpaka wake.

Likizo ya Aprili ilipoanza, alasiri moja ya mvua, nilitandika magazeti sakafuni, nikaweka ubao wa hadibodi wa futi mbili kwa tatu, na brashi, gundi nyeupe ya mbao, rangi za akriliki, pedi za wino wa zambarau, mweusi na mwekundu. Mama alikuwa kwenye kiti chake na tasbihi mkononi. Nikalichukua daftari na mkasi. Kurasa zile zilikuwa zimegeuka rangi ya maziwa ya chai, zimejaa chapa za miaka 30 na zaidi, na machoni mwangu hakukuwa na karatasi nzuri kuliko hizo za kubandika.

"Hilo halikatwi," Mama alisema.

Nikamwambia kurasa chache tu, za mwanzo, ambazo hesabu zake zimekwisha.

"Halikatwi. Na hiyo mihuri, ni yetu?"

"Mama, watu hawa hawajaja miaka 20."

"Hata iwe mia. Wametoa arbuni. Babako aliiweka kama amana, nawe wataka kuichezea."

Sikuwa na jibu. Nilianza kuirudisha sandukuni, na pengine yangeishia hapo kama Mama asingeniita baadaye kidogo. Alikuwa amefikiri. Kupiga chapa, alisema, si kuuza wala si kutupa. Baba mwenyewe aliijaribu yote kwenye karatasi. "Piga. Lakini usiukate, usiung'oe kwenye kibao chake, na kila mmoja urudi pale ulipotoka." Halafu akanielekeza chini ya kitanda, kwenye mfuko wa karatasi za majaribio, chapa zilizotoka kombo ambazo Baba alikuwa akizileta nyumbani kuwashia seredani.

Hizo ndizo nilizozibandika ubaoni, zimepandana, nyingine zimepinduliwa. Juu yake nikapitisha akriliki ya buluu iliyochanganywa na kijani, rangi ya maji ya Forodhani asubuhi upepo ukiwa haujaamka. Ilikauka vizuri ikang'aa kidogo. Nikauchukua muhuri wa kwanza, nikaukandamiza kwenye pedi ya zambarau, nikapiga. Ulitoka safi. Wa pili, wa tatu, wa kumi. Saa nzima baadaye nikapitisha mkono kutoa unyuzi wa brashi, na mistari yote kumi ikafuata kiganja changu.

Nilidhani ni unyevu wa masika. Nikawasha feni. Nikangoja hadi baada ya magharibi, nikagusa, wino bado mbichi.

Mama aliniangalia kwa muda. "Wino huu hunywewa na karatasi," akasema. "Hapo umeupa nini unywe?"

Na ni kweli. Wino wa pedi za ofisini haukauki kwa kukaa tu hewani. Hukauka kwa kuingia ndani ya karatasi. Akriliki ikikauka huwa kama ngozi ya plastiki, haiachi kitu kupenya, basi wino hubaki juu ukisubiri kidole. Nilikuwa nikitumia akriliki na mihuri kwa miaka, lakini sikuzote nilipiga chapa kwa hiyo hiyo rangi ya akriliki, nikauosha muhuri mara moja kabla rangi haijagandia kwenye mpira. Wino wa pedi sikuwa nimewahi kuuweka juu ya rangi.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Mihuri ya mle ndani, nani aliyeibandika kwenye vibao?"

Hili sikulijua hadi umri wangu ule. Baba alikuwa akileta mipira iliyopikwa, imefungwa kwenye gazeti, na usiku sisi tukilala Mama ndiye aliyeikata kingo kwa wembe, akaupiga msasa mgongo wa kila mmoja, akatia gundi, akaupachika kwenye kibao kilichochongwa. Miaka mingi. Nilikuwa nikiamka na kukuta harufu ya gundi, nikidhani ni harufu ya Baba.

Basi tukaanza upya, na sasa alishuka kutoka kwenye kiti. Mkoba wangu wa shule ulikuwa na chaki. Tulizisaga kwa chupa mpaka zikawa unga, tukauchekecha, tukauchanganya na rangi nyeupe ya ukuta na gundi kidogo. Tulipaka mikono miwili juu ya ile buluu, si pote. Tuliacha mapengo ili bahari ionekane chini yake. Ubao tuliusimamisha jikoni karibu na seredani, mbali ya kutosha usijipinde. Asubuhi tuliupitisha msasa laini. Ukiupapasa ulikuwa kama ukuta uliopakwa chokaa. Mama akapiga muhuri mmoja pembeni, akahesabu hadi ishirini, akapitisha kidole. Haukutoka.

Nimefundisha watoto wengi kushika muhuri, lakini mikono ya Mama ilinifundisha mimi. Muhuri mkubwa hakuukandamiza kwenye pedi. Aliugeuza mpira ukatazama juu, akaishika pedi na kuugongagonga nayo polepole, mpaka uso mzima ukang'aa sawasawa. Akipiga, alishusha mkono wima, akatia uzito katikati, kisha pembe nne, na kuuinua bila kuuyumbisha. "Ukiuyumbisha utaona mato mawili," alisema, yaani kila herufi itakuwa na kivuli chake. Mihuri mingine ilikuwa imezeeka, mpira umekuwa mgumu kama kwato, haushiki karatasi ila kwa vinundu. Hiyo hakuipiga ubaoni. Alikunja leso mara nne, akaweka juu yake karatasi nyembamba, akapiga hapo. Ulaini wa chini uliifanya karatasi iufuate mpira pale ambapo mpira hauwezi tena kuifuata karatasi. Kisha tukazibandika karatasi zile kwa kutia gundi mgongoni tu. Mmoja niliupitishia gundi juu kwa pupa, na jina zima la duka la vitambaa likayeyuka kuwa wingu la zambarau. Mama alilibandua, akapiga jingine.

Ubao tuliupanga kama leso, mji katikati na pindo pande nne. Pindo nililipiga kwa muhuri wa korosho niliouchonga kwenye raba, nyekundu na nyeusi kama leso ya kisutu. Mama alisimulia aliyoyasikia kwa mamake, kwamba leso za kale kabisa zilipigwa nakshi kwa mkono, kwa vibao vya mbao juu ya kitambaa cha marekani, kabla ya viwanda. Alikuwa na leso yake chakavu ya Mali ya Abdulla, lile duka la Mtaa wa Biashara lililoanza mwaka 1887, na akanikatia kipande chake kwa hiari. Hicho hakukihesabu kuwa amana ya mtu. Nilikibandika pembe ya chini.

Wino mwekundu ulimwingia kwenye ncha za vidole. Alipouona alinyamaza, akaenda kujisugua kwa sabuni na ndimu, na haukutoka. Mwanamke aliye ndani ya eda hapambi mikono. Nilimpigia simu ami yangu, ambaye ndiye tunayemuuliza mambo ya dini. Alisema wino wa kazi si pambo, amwombee mumewe na asijitie dhiki. Mama alipiga tena, lakini tangu hapo mwekundu aliniachia mimi.

"Jina lake liko wapi?" aliuliza kazi ilipokwisha. Leso haikosi jina, yale maandishi ya chini ya mji. Nilikuwa nimeacha nafasi. Nilimwuliza tuandike nini. Alitazama kwa kitambo kirefu, akasema paachwe wazi. Mpaka leo pako wazi.

Tuliutundika chumbani kwake, mkabala na kiti.

Mwezi wa Juni alikuja bibi mmoja wa Kuze kumtazama Mama. Alikuwa mtu mzima sana, ameshikwa mkono na mjukuu. Walizungumza, wakaomba dua, nami nikaleta kahawa na kaimati. Alipoinuka kuaga alisimama mbele ya ubao, akauwekea kidole muhuri mdogo wenye picha ya mkasi.

"Hili ni jina la binti yangu wa kwanza," alisema.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alitaka kufungua duka lake mwenyewe, alipe jina la bintiye, na akaugua kabla ya kulifungua. Hakuwahi kumwambia mkewe kwamba ameagiza muhuri. Bibi alijua tu picha ile ya mkasi, kwa kuwa mumewe alikuwa akiichora kila mahali, hata kwenye mchanga.

Mama aliniambia nilete daftari. Tulikuta mstari wake mwaka 1987: bei shilingi 45, arbuni 20, baki 25. Nikaenda sandukuni nikautoa muhuri wenyewe.

"Uchukue, dada," Mama alisema. "Baki tumeisamehe."

"La, mdogo wangu. Hilo ni deni la maiti. Usinisamehe kwa niaba yake."

Alifundua pembe ya leso yake, akahesabu, akaweka kitandani sarafu ya ishirini na sarafu ya tano. Mama hakubishana tena. Aliniomba pedi nyekundu na muhuri wa Baba. Alikunja leso, akaisogeza chini ya ukurasa wa daftari, akaugongagonga mpira ule mgumu kwa pedi, akashusha mkono wima, uzito katikati, kisha pembe nne. IMELIPWA. Herufi ya E ilitoka nusu.

Bibi alikuwa bado ameukamata ule wa mkasi. Aliugeuza, akaupapasa mpira kwa kidole gumba, kisha akaufundika kwenye pembe ya leso, pale palipokuwa na sarafu.