Ana Namba

Kwa siku tano nimejaribu kulipuuza neno moja, nalo limekataa kupuuzwa. Wiki hii dada yetu mdogo amejifungua mapacha salama, na mimi nimehamishiwa kitengo cha ukaguzi nilichokiomba kwa miaka mitatu. Mambo hayo mawili yangetosha kunijazia ukurasa, lakini kila ninapokaa kuandika, mkono unarudi Jumapili jioni, kwenye kochi, mimi na binti wa kaka yangu tukitazama marudio ya mbio za baiskeli za Kigali.

Mnamjua. Ndiye niliyesimulia hapa alivyomaliza mashindano yake ya kwanza akiwa wa nne kutoka mwisho, akaingia garini bila kuvua kofia, akasinzia nayo. Mwakani atatimiza miaka 17 na kuingia daraja la vijana, ambalo huangalia mwaka wa kuzaliwa na si siku yenyewe, kwa hiyo siku hizi anazitazama mbio za wasichana wa daraja hilo kama mtu anayekagua nyumba atakayohamia.

Zilikuwa mbio za ubingwa wa dunia za tarehe 27 Septemba 2025, kilomita 74 ndani ya jiji la Kigali, katika mwaka ambao mashindano hayo ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Macho yangu yalikuwa kwa Paula Ostiz wa Uhispania peke yake. Mwaka uliotangulia, mjini Zurich, alimaliza wa pili nyuma ya Cat Ferguson wa Uingereza. Na hapo Kigali, siku chache kabla, alikuwa wa pili tena katika mbio za kupambana na saa, ambazo kila mmoja hukimbia peke yake, zilizochukuliwa na Megan Arens wa Uholanzi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtazama kwa utulivu. Kundi lilikuwa likipanda Kimihurura, mlima wa kilomita 1.3 uliotandikwa mawe, ambako ukisimama juu ya pedali gurudumu la nyuma hukosa mshiko, na ukikaa miguu inakuwa mizito. Picha ikahamia nyuma kwa sekunde chache. Alikuwapo msichana mmoja aliyeachwa, kichwa kimeinama, bega moja likipanda na kushuka.

"Shangazi, yule wa mwisho ni nani?"

"Wa mwisho hana jina, mwanangu. Tazama mbele, wanashambulia."

Akanyamaza. Kisha akasema, bila kunigeukia: "Ana namba."

Hatukuongeza neno. Ostiz alishinda kwa kasi ya mwisho, Chantal Pegolo wa Italia akawa wa pili na Anja Grossmann wa Uswisi wa tatu, nami nikapiga makofi peke yangu chumba kizima.

Nimeligeuza jibu lile kila upande. Kwanza nililisikia kama masahihisho tu, kwa kuwa mtoto huyu hawezi kuacha kosa lipite, na hilo amelirithi kwangu. Kisha nikaanza kulisikia kama lawama. Namba yake ya mashindano yale ya kwanza niliibana mimi mwenyewe mgongoni kwa pini nne, naye akaniomba zile mbili za chini zipite kwenye kitambaa mara mbili ili upepo usiipeperushe; alisimama wima kabisa, amezuia pumzi, kama anayepimwa nguo ya sherehe. Saa chache baadaye namba hiyo ilikuwa karibu ya mwisho barabarani, na aliyeibana nilikuwa mimi. Ningemwambiaje kwamba hana jina?

Lakini kilichoninyima usingizi Jumanne ni kingine. Nilipokuwa nikimsimulia habari za Ostiz, Zurich nilikuwa nimeikumbuka kwa nafasi ya pili tu. Katika mbio zilezile, tarehe 26 Septemba 2024, Muriel Furrer wa Uswisi, mwenye miaka 18, alianguka mahali penye miti, na muda ukapita kabla ya mtu yeyote kujua kwamba hayupo tena barabarani. Alifariki kesho yake hospitalini. Katika mbio za ubingwa wa dunia waendeshaji hawavai redio masikioni, kwa hiyo aliyetoka nje ya barabara hana wa kumwita. Ndiyo maana Kigali kila mwendeshaji alibeba kifaa cha kuonyesha alipo, wa kwanza hadi wa mwisho, na mbio za wasichana zikaangukia siku ileile iliyotimiza mwaka tangu kifo chake. Haya yote niliyajua. Niliyajua nikiwa nimekaa pale, nami nikasema wa mwisho hana jina.

Jana usiku akanipigia simu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga, lakini hakunipa nafasi. Aliniuliza kama nina pini za akiba, kisha akaeleza, kwa haraka yake ileile, kwamba Jumapili alikuwa akijaribu kuisoma namba ya yule msichana na nilipozungumza picha ikahama. Ameyarudia marudio, akasimamisha picha, akaisoma, akamtafuta kwenye orodha. Akanitajia jina. Sikulishika, akalirudia polepole, silabi kwa silabi, kama anavyomsomea bibi yake maandishi ya chupa za dawa.

Nililiandika pembeni ya daftari la matumizi. Silitaji hapa, kwa kuwa si mimi niliyemtafuta. Nilicheka peke yangu baada ya kukata simu, kicheko kirefu cha kipuuzi: siku tano nimejihukumu kwa lawama ambayo huenda haikuwapo, wakati mwenzangu alikuwa anasoma namba tu. Au alikuwa anafanya yote mawili. Hajasema, na mimi sitauliza.

Pini nimezipata, nane, mbili zina kutu.

Mama naye anasema sikio la kushoto linamvuma tangu Jumatatu, na amekataa kwenda kwa daktari mpaka mapacha wapewe majina. Leo nimemwita mara mbili kutoka mlangoni, hakugeuka.